Koti Lililonukia Sabuni

Kila ikifika saa nne asubuhi, babu yake Chiriku aliweka randa chini, akakung'uta vumbi la mbao kwenye koti lake la kazi, akaketi kwenye mlango wa nyuma wa karakana, ule unaotazama msituni. Hapo ndipo wageni walipomjia: kindi wawili wenye ugomvi usiokwisha, na digidigi ambaye Babu alimwita Mkaguzi, maana hakugusa karoti kabla ya kunusa kila kitu, hadi viatu vya mwenyeji.

Kisha Babu akateleza, akavunjika mguu, akalazwa wiki tano. Chiriku, msichana wa miaka minane ambaye hilo jina la utani hakulipata bure, akashika zamu. Alivaa lile koti lililomfika vifundoni, akafunga mdomo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wageni wakaja.

Siku ya Babu kurudi nyumbani, Chiriku alitaka kumfurahisha. Akalifua koti kwa nusu pakiti ya sabuni ya unga, likanukia karakana nzima.

Babu akalivaa, akaketi mlangoni na gongo lake. Mkaguzi akachomoza, akanusa mara moja, akatimua mbio. Kindi nao hao, juu mtini.

"Wamenisahau," Babu alisema polepole. "Kule hospitali nilikuwa nawawaza hawa tu, mjukuu wangu. Hawa na wewe."

Chiriku akaangua kilio. "Ni mimi, Babu. Nililifua koti."

Babu akalinusa, akapiga chafya, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Kumbe. Mkaguzi anajiuliza huyu bwana harusi katokea wapi."

Alicheka, lakini macho yake yalibaki msituni, na Chiriku aliyaona. Akapiga magoti, akalaza kiganja chake juu ya kiganja cha Babu, akaweka vipande vya karoti, wakangoja hadi miguu ikamfa ganzi Chiriku. Mkaguzi akarudi. Akanusa gongo, akanusa plasta ya mguuni, akaanza kutafuna kwenye mkono alioujua. Taratibu, kidole kwa kidole, Chiriku akauchomoa mkono wake, karoti zikadondokea kwa Babu. Mkaguzi akaendelea kula.

Machozi yalimtiririka Babu kwa furaha, wala hakuyafuta. Mkono mmoja ulikuwa umeshika gongo, na wa pili ulikuwa na mgeni.