Kitenge kimoja, vichwa viwili

"Nilikwambia uvue! Jana tu nilikwambia!"

Sauti ya Madame Rolande, mkuu wa ghorofa, ilitoka penye sinki, ikamkuta Rukiya ameinama mbele ya Maman Marie-Jeanne, mzee wa Kibelgiji asiye na meno, kijiko cha supu kikiwa hewani. Rukiya akashangaa. Maneno yale huambiwa yeye, lakini anayegombezwa kule ni Bibiane, mwenzake wa kazi.

Kosa lilikuwa la kitambaa. Jumamosi wale wawili walikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, wakapenda kitenge kimoja, wakakikata katikati, kila mtu akajifunga kilemba. Kwa nyuma hata mama zao wangebabaika.

Bibiane akageuka, msalaba ukining'inia shingoni. Madame Rolande akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Pardon, Bibiane. Chako kizuri. Nilidhani ni yule."

Yule! Tangu afike kutoka Bujumbura, Rukiya ndiye amekuwa akilisha wazee wa nyumba hii ya kutunzia wazee, mtaani Koekelberg, na Maman Marie-Jeanne hafungui kinywa kwa mkono mwingine. Leo ndiyo siku ya mwisho aliyopewa: avue, au ashuke chini kabisa, akafue mashuka.

"Madame, cha Bibiane na changu vina tofauti gani?"

"Chake ni mapambo. Chako ni dini."

"Na mkasi ulikuwa mmoja!"

Bibiane, mtu wa Bukavu asiyejua kunyamaza, akafungua kilemba chake. Nywele zikatokea, nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona simba. Akakizungusha juu ya kile cha Rukiya, akakaza fundo.

"Alors, Madame, ya juu ni mapambo, ya chini ni dini. Utaondosha gani?"

"Dada, watakufukuza na wewe," Rukiya akamwambia.

"Wanifukuze! Nitatoka na hizi nywele hivi hivi, bantu waogope."

Maman Marie-Jeanne akacheka, supu ikamchuruzika kidevuni. Madame Rolande hakucheka. "Namwita mkurugenzi," akasema, na viatu vyake vikateremka ngazi, ko, ko, ko.

"Nikivua leo," Rukiya akasema polepole, akimpangusa mzee, "kesho wataniambia nivue jina."

Kichwa kilikuwa kizito kama kimebeba mtungi. Hakukigusa. Akasogeza kiti mpaka akauona mlango wote, akachota supu, akaipuliza. Ngazini viatu vilikuwa vinapanda tena, sasa vya watu wawili.

Maman Marie-Jeanne akafungua kinywa.