Benchi la Mwenendo Mwema

…na tunasogea tena, safu nzima inainua makalio na kuyashusha nafasi moja mbele, nami ninakalia joto la mwanamume aliyekuwa hapa kabla yangu, joto la mtu nisiyemjua, kitu ambacho popote pengine ningekikataa, lakini katika ofisi ya serikali mtu hachagui joto, na si kwamba kuna aliyehudumiwa, la, sistimu imelala tangu tufike, msichana wa dirishani alitutangazia kwa sauti ya chini kama muuguzi anayewaeleza jamaa hali ya mgonjwa, imelala, tuwe na subira, ila mama mmoja kule mbele amechoka, akachukua mkoba wake akaenda zake, akaacha mwanya, na askari wa mlangoni, Ndambuki, jina limebandikwa kifuani, havumilii mwanya, songeni huko, anasema, musiwache nafasi, nafasi ndio huleta vita, basi tunasogea, hivyo ndivyo foleni yetu inavyokwenda mbele, kwa hisani ya waliokata tamaa, na mimi nimechoka vya kutosha kuwapa wenzangu hatua moja, lakini nimekaa, ninangoja kupigwa alama za vidole ili nipewe cheti cha mwenendo mwema, kwa kuwa shule yangu kule Thailand haiwezi kuniongezea mkataba bila hicho cheti, yaani serikali ya Kenya iwahakikishie watu wa Thailand kwamba katika miaka minne ambayo sikuwa Kenya sikuiba chochote Kenya, na sina shaka itawahakikishia, sistimu ikiamka… ukitaka kwenda enda, Sifuna, mume wangu, alisema asubuhi, lakini usiseme tena ni kwa ajili yetu… alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari, daktari alimkataza sukari mwaka jana lakini mkono haukuambiwa, unakoroga tu, na alisema bila hasira, hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, bwana akikukasirikia una pa kushika, kisha akavaa koti lake la kazi akashuka kwenye karakana yake ya vitanda, akaniacha nyumbani pale Kabiria na kikombe mkononi na pasipoti mezani, kana kwamba ameniuliza saa…

Madam, samahani, anasema msichana aliye kushoto kwangu, Nyakio, ameniambia jina lake na maisha yake yote kabla sijakaa vizuri, amesomea fasihi na hakuna shule iliyomwajiri, sasa anaenda kufundisha Kiingereza kulekule ninakofundisha mimi, mara yake ya kwanza, madam, hebu niambie ukweli, huko kunakaaje, nami ninafungua mdomo na jibu linatoka lenyewe, limelainika kwa kutumiwa, ah, ni kazi tu, mtu anajikaza kwa ajili ya familia, na hapo hapo ninalisikia, kwa ajili ya familia, ulimi umeligonga kama jino bovu, hata saa tano haijafika na nimeshasema kile nilichoombwa nisiseme… pole sana madam, Nyakio anasema, kwa heshima ya kweli, na heshima yake inanilemea kama kikapu cha mtu mwingine, pole ya nini, ningependa kumwuliza, lakini ninatikisa kichwa taratibu jinsi mashujaa wanavyotikisa… walinitazama siku ya kwanza kule Thailand, pale kituo cha basi, mwalimu mkuu na walimu wawili na shada la maua, wakanitazama, kisha wakatazama nyuma yangu, wakimtafuta mwalimu, nami nikageuka pia nimtafute, nikiwa na adabu zangu, hakukuwa na mtu, na shada likabaki hewani mpaka nilipolipokea mwenyewe, na mwaka huohuo nilifanyishwa mtihani kuthibitisha kwamba ninajua Kiingereza, lugha ambayo walimu wangu wa utotoni Kimilili walinifukuza nyuma ya darasa na kibao shingoni kwa kutoizungumza, nikafaulu, wakashangaa, nikashangaa walivyoshangaa… ati watoto wao wako na nidhamu, Nyakio anauliza, wako na nidhamu, ninasema, wanasimama, na ni kweli wanasimama, sikuwahi kuwafundisha kusimama, niliingia tu darasani jinsi ninavyoingia, na baada ya muhula mmoja watoto arobaini wa Kithai walikuwa wanaruka wima na kuimba gudi moo-ning tii-cha, wi aa faini senkyu, kwa mvuto uleule wa darasa la pili Kimilili, na mmoja akijibu sawa wengine wanampigia makofi ya kilo, moja, mbili, nusu, robo, hata mkaguzi kutoka wizarani kwao alipokuja akatoa simu akarekodi, akauliza lafudhi hii nzuri ni ya sehemu gani ya Uingereza, mwalimu mkuu akanitazama, nikasema ya magharibi, sikusema magharibi ya nchi ipi, mkaguzi akaandika.

Musiwache nafasi, anasema Ndambuki, hakuna aliyeondoka, anajikumbusha tu kazi… nilimsimulia Sifuna hiyo ya mkaguzi kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa, hiyo nilimsimulia, na joto nilimsimulia, na upweke, upweke nilimsimulia vizuri sana, ninajua kuusimulia, chumba kimoja, feni, mjusi ukutani, lakini Jumamosi sikumsimulia, Jumamosi asubuhi nilikuwa napanda basi lolote lililosimama, sijui kusoma maandishi yao, nalipa mpaka mwisho wa safari na kushuka pale dereva anapozima injini, mara mto, mara mji wa watu watatu na mbwa, mara hekalu juu ya ngazi ambazo nilipanda peku nikiwa nimeshika viatu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeniita mama fulani wala mke wa fulani wala mwalimu, soko la jioni nikakuta karai la kumbikumbi na panzi waliokaangwa, wale wenzangu Wazungu wa shule wakipiga picha na kupiga mayowe, na mimi mtoto wa Bungoma, niliyekua nikiwala, nikajaza kiganja, nikala, nikaomba tena, yule mama muuzaji akanitazama kwa namna ambayo mama yangu mwenyewe hajawahi kunitazama, akaniongezea na chumvi, tukasimama pale wawili hatuna lugha, tunatafuna… lakini hupatwi na hamu ya nyumbani, madam, Nyakio anasema, mimi naogopa nitalia kila siku… utalia, ninasema, kisha utaacha, na hilo angalau ni kweli.

Kwa ajili ya familia, haya, tuitoe familia tuone kinachobaki, nyumba tuliyokuwa tukijenga Kimilili imekwisha, imepakwa hata rangi, mama mkwe anafuga kuku sebuleni kwa sababu anasema sebule bila watu ni laana, binti yetu Debra yuko bweni, ana miaka kumi na mitano, hata ningelala Kabiria kila siku ya Mungu ningemwona likizo tu, na likizo yenyewe angekuwa chumbani mwake na simu, na alipoulizwa juzi kama anataka nibaki alisema, mama, wewe fanya chenye kinakufurahisha, nikamkemea, nikamwambia maisha si furaha, maisha ni wajibu, nilimwambia hivyo, mimi, mtu wa mabasi ya Jumamosi… na Jumapili mchungaji akanisimamisha, tumwombee Mama Debra, mama aliyejitoa sadaka, anayelala peke yake nchi za watu ili boma lisimame, kanisa zima likasema amina, akina mama wakanishika mikono mmoja mmoja, asante, asante mama, Mungu anakuona, na mimi nimeinamisha kichwa ninawaza samaki wa kuchomwa wa kile kituo cha basi kando ya mto, Sifuna kando yangu alisema amina pia, kwa sauti, lakini hakunishika mkono, sasa ninaona hakunishika… ndiyo maana, labda, ndiyo maana amengoja nyumba iishe ndipo aseme yale ya asubuhi, kwa sababu kabla haijaisha lingekuwa tusi, na yeye si mtu wa matusi, ni fundi, anangoja gundi ikauke… na miaka tisa niliyofundisha Parklands hapa mjini kabla ya Thailand, kila asubuhi nikikata kupitia Muthangari kando ya zile nyua za michongoma, kuna njia moja ilikuwa inapinda kushoto chini ya miti, miaka tisa sikuwahi kuifuata nione inakwenda wapi, na mwalimu mwenzangu Chanchal wa darasa la nne kila mwaka alinialika hekaluni kwao hatua chache kutoka lango la shule, njoo Diwali, mwalimu, njoo ule, nami kila mwaka nilikuwa na haraka, na daftari, na Debra, na mvua, halafu nikavuka bahari kwenda kuvua viatu kwenye mahekalu ya watu nisiowajua, ungedhani ni dini, si dini, ni kwamba hapa kila barabara inanijua ninakokwenda… kwa hiyo si Thailand ninayoipenda, hapana, ninaipenda, usijidanganye tena sasa, unaipenda, unapenda lile basi, unapenda asubuhi ile ambayo hakuna anayekungoja popote, na kinachokuchosha si kazi, watoto arobaini hawachoshi hivyo, wala si safari, wala si benchi hili, kinachokuchosha ni kushukuriwa, miaka minne unapokea asante za watu kwa jambo ulilolifanya kwa kupenda, unazibeba, unarudi nazo, na wote wanakuona umekonda wanasema, ona anavyojitesa.

Na mzee wa nyumbani, Nyakio anauliza, anasemaje ukirudi tena, amekubali… na lile jibu liko tayari, ninalisikia likipanda, anaelewa, ni kwa ajili, na ninalimeza, natafuta jingine, najaribu kwa Kiingereza, linatoka kama sentensi ya ubaoni, nalijaribu kwa Kibukusu cha kwetu, kwa Kibukusu lazima mtu fulani atukanike… mimi huenda kwa sababu napenda, ninasema, kwa sauti, na yule mwanamume wa mbele, mwenye joto, anageuza shingo… ati, madam… napenda, ninasema, mwanzo ilikuwa nyumba na karo, sasa nyumba imekwisha na bado nataka kwenda, na sauti yangu haitetemeki, imechoka tu, ni sauti ya mtu anayeagiza chai, Nyakio ananitazama kama niliyevua kitambaa cha kichwa mbele ya watu, kisha anaziba mdomo anacheka, eish, madam, hiyo usiende kuisema pale dirishani… pale dirishani wanataka vidole tu, ninamwambia, naye anacheka tena, na yule wa mbele anacheka kwa mabega, na Ndambuki anatutazama kama watu wa kuangaliwa, lakini mimi ninajua nikitoka hapa, kwa cheti au bila cheti, sitapita sokoni, sitangoja chakula kiive wala Debra apige simu, nitashuka moja kwa moja karakanani, nimkute na randa mkononi na vumbi la mbao kwenye nyusi, nimwambie vilevile, kwa maneno hayohayo machache, na huenda akasema enda, na huenda akasema basi kaa hukohuko, simjui vya kutosha kukisia, miaka kumi na saba na simjui, kwa sababu mtu ambaye amekuwa akizungumza naye ni yule Mama Debra wa kanisani, yule wa amina, na jioni hii, lolote atakalosema, atakuwa anamwambia mke wake…