Maua Manne ya Lesian

Tangu biashara ilipofunguliwa na kompyuta za mitumba zikaanza kuingia Arusha, Elihuruma alijiona mfalme wa mtaa wa Sekei. Pale duka la uchapaji aliacha kupanga kwa mkono herufi za risasi, akajifundisha lugha ya amri za kupangia kurasa. Jumamosi ile aliiamuru printa ichape vyeti vya kipaimara vya usharika mzima, akaenda zake kunywa chai.

"Mwenzenu nachapa huku natafuna chapati!" akawatambia waliokuwa kibandani.

"Tafuna taratibu, bwana," akajibu Fransiska, muuza chai. "Mashine isije ikakutafuna wewe."

Aliporudi, printa ilikuwa bado inatema. Cheti cha juu: Lesian Meitamei. Cha chini yake: Lesian Meitamei. Akapekua mpaka jasho likamtoka. Cha kwanza kabisa kilikuwa cha Anna. Vingine vyote, Lesian. Akachomoa waya ukutani.

Kosa lilikuwa lake. Amri ya nje ilihesabu watoto. Ndani yake aliweka nyingine ya kuchora maua manne pembeni, nayo ikihesabu maua. Zote mbili alizipa kihesabio kimoja, akidhani kila amri ina chumba chake. Kumbe lugha ile ni nyumba isiyo na kuta! Ua la nne lilipochorwa, mashine ikaamini imemaliza mtoto wa nne, ikamwita wa tano, Lesian. Maua tena, nne tena, Lesian tena. Ingemchapa Lesian hadi Kristo arudi.

Akaifunga amri ya maua ndani ya mabano, hesabu yake isitoke nje. Kazi ya dakika. Lakini karatasi ngumu za krimu, ambazo usharika uliziagiza Nairobi, hazirudi kwa kubonyeza kitufe. Zilizobaki zilipungua moja kwa hesabu ya watoto, na kesho ndiyo ibada.

Ndesanjo, mwenye duka, akachungulia. "Wa mwisho kuchapwa ni nani?"

"Tabitha."

"Tabitha binti yako? Si umpandishe juu, fundi! Nani atajua?"

Vidole vya Elihuruma vikasimama juu ya kibodi. Akimpandisha Tabitha, Nanyori anayemtangulia ndiye atakayebaki wa mwisho. Na mamake Nanyori ameshaalika ukoo mzima kutoka mlimani. Akabonyeza, kila mtoto pale pale alipokuwa.

Karatasi ziliishia kwa Nanyori.

Nyumbani Lemara, Tabitha alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe.

"Shikamoo baba. Changu kimetoka kizuri?"

"Hakijatoka, mama. Karatasi nimeziharibu mimi, nimezijaza jina la Lesian."

Pasi ikasimama. "Cha Lesian je?"

"Cha Lesian kipo," akasema.

"Sasa kesho mchungaji akinifikia, ninyooshe mkono au nisinyooshe?"

"Nyoosha. Mimi nitasimama niwaambie watu wote kosa ni langu."

Tabitha akaigeuza kola ya gauni, akaikandamiza kwa nguvu.

"Usisimame, baba. Ukisimama ndiyo wataniangalia zaidi."