Mota Iliyomuunguza Sindulfo

Nimia Ocampos alikuwa ametengeneza vinubi pale mjini Luque kwa miaka thelathini na minane mkono wake wa kulia ulipoanza kumgomea. Asubuhi vidole vilikuwa vinakufa ganzi mpaka kikombe kinamponyoka. Daktari hakuzunguka: patasi na nyundo basi, vinginevyo mkono utaharibika moja kwa moja. Nimia alirudi nyumbani akakaa siku mbili bila kufungua karakana, na huku Mwalimu Perla wa Areguá alikuwa ameshaagiza vinubi vitano kwa ajili ya wanafunzi wake.

Siku ya tatu mdogo wake Sindulfo, fundi umeme wa mabasi aliyestaafu, alimjia na mkokoteni wa vyuma.

"Dada, nitakuundia mashine. Wewe utachora, yenyewe itatoboa."

Ilimchukua miezi minne. Ilikuwa meza yenye reli, mota tatu za kuipeleka keekee huku na huku, na kompyuta kuukuu ya kuzipa amri. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu thelathini na sita kwenye shingo ya kinubi, kila tundu la kigingi kimoja. Tundu likikaa kando hata kwa unene wa kucha, uzi hauendi sawa na kinubi kinaimba kama kinaumwa jino.

Shingo ya kwanza iliharibika kuanzia tundu la ishirini. Matundu yalianza kusogea kushoto, yakasogea tena.

"Mota haina nguvu," Sindulfo alisema. "Tuiongezee umeme kidogo."

Akaongeza. Shingo ya pili iliharibika mapema zaidi, tundu la kumi na moja. Sindulfo alipeleka mkono kuishika mota, akaurudisha upesi na kuvitia vidole mdomoni. Kishikio cha plastiki kilichobeba mota kilikuwa kimelainika na kuinama, na karakana ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nimia alizima swichi ya ukutani. Kisha akasimama akilitazama rundo lake la mwerezi mkavu, mbao alizozikusanya tangu ujana, zikiwa hatua tatu tu kutoka kwenye ile mota.

"Niambie tu kwamba unataka niitoe," Sindulfo alisema bila kumtazama.

"Sijasema hivyo."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu una miaka sitini na moja, unasema mambo mengi. Weka vidole kwenye maji."

Alimletea jagi la tereré, chai baridi ya majani, lenye barafu, nusu ya kunywa, nusu ya kuloweka vidole. Moyoni alikuwa na hofu mbili na hakujua ipi kubwa. Aliogopa karakana itaungua. Aliogopa pia kumwambia mdogo wake aiondoe mashine, kwa sababu tangu astaafu hakuwahi kumwona ana furaha kama miezi ile minne.

Sindulfo alipotulia, Nimia aliichukua karatasi ambayo mdogo wake aliandikia hesabu. Yeye na umeme walikuwa hawajuani, na siku zote mdogo wake alimwambia, "Hayo niachie mimi." Lakini kuzidisha alijua.

"Nieleze hii kama unamweleza mteja mbishi," alisema.

Sindulfo akavuta kigoda. "Sawa. Mota hii imeandikwa ampea moja na nusu. Huo ndio mwisho wake, hata kabla ya hapo inapata joto. Kwa hiyo unaipa moja tu, ipumue. Kinachoipimia umeme ni hiki kibao kidogo, na kila mota ina kibao chake. Kibao kina skrubu. Unaweka mita pale juu ya skrubu, unasoma volti. Volti unazipata kwa kuzidisha ampea kwa nane, halafu kwa nukta moja. Jibu ni nukta nane. Nikaweka nukta nane. Iliposhindwa, nikapandisha mpaka moja."

"Nane imetoka wapi?"

"Ndivyo kibao kilivyotengenezwa."

"Na hiyo nukta moja?"

"Hiyo ni ya kile kijiwe cheusi pembeni, kinachohisi umeme unaopita. Nilisoma kwenye kompyuta."

"Ulisoma kwenye kompyuta, au ulisoma kwenye kijiwe?"

Sindulfo alikunywa tereré mpaka mrija wa bombija ukakoroma.

Nimia alikwenda kwenye droo akatoa lenzi anayoibana kwenye jicho anapotafuta nyufa za mbao. Sindulfo akamzuia mkono. "Subiri, nichomoe waya wa ukutani kwanza. Na hata siku moja usitoe mota kwenye kibao umeme ukiwa umewashwa, kibao kinakufa papo hapo." Alichomoa, akangoja, ndipo akamsogezea taa.

Kijiwe kilikuwa kidogo kuliko punje ya ufuta. Nimia aliinamisha kichwa mpaka maandishi yakatulia.

"R, sifuri, tano, sifuri."

"Soma tena."

"Sindu, mimi nina macho mabovu, lakini sisemi uongo. R, sifuri, tano, sifuri. Uliyodhani wewe ingeandikwaje?"

"R, moja, sifuri, sifuri." Alikuwa ameshachukua kalamu. Mkono wake ulienda mbio juu ya karatasi, kisha ukasimama. "Mama yangu. Ni nusu. Kijiwe ni nusu ya nilichodhani. Nilipotaka ampea moja nilikuwa naipa mbili. Nilipoongeza nikaipa mbili na nusu."

"Sasa mbona ilikuwa inakosa nguvu?"

"Haikukosa nguvu." Alianza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyeteremshwa mzigo. "Kibao chenyewe kilikuwa kinaungua, kinajizima kidogo kupoa, kinawaka tena. Kila kikijizima, mota inaruka hatua. Na mimi hapo naongeza tu. Mabasi yangu yalinivumilia vipi miaka yote?"

Walivikagua vibao vyote vitatu. Maandishi yalikuwa yaleyale. Jibu jipya lilikuwa nukta nne.

Sindulfo aliwasha umeme, akashika ncha za mita, moja juu ya skrubu na nyingine kwenye waya hasi. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, na hapo bisibisi ikiteleza kibao ndiyo basi. Nimia aliichukua bisibisi ya plastiki. Kugonga nyundo kulimshinda, lakini kugeuza kigingi kwa unywele mmoja, kwa upole, mpaka uzi uingie kwenye sauti yake, hilo mkono wake haukusahau.

"Nukta sita," Sindulfo alisoma. "Nukta tano. Taratibu. Nne na nusu. Nne kamili. Hapo. Hapo dada, achia."

Mara tatu, vibao vitatu. Kisha wakabadilisha kile kishikio kilichoinama na kuweka cha bati, wakafunga ubao wa mti wa hovyo, wakaiacha mashine itoboe.

Walikaa wakiitazama kwa nusu saa nzima. Tundu la kumi na moja lilipita. La ishirini likapita. La thelathini na sita lilipokwisha, Nimia aliweka rula juu yake, akapima kutoka mwanzo hadi mwisho, akapima tena kwa upande wa pili. Yote yalikaa mahali pake.

Akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na joto la mkate uliotoka kwenye tanuri zamani kidogo. Alihesabu mpaka thelathini bila kuondoa mkono.

"Vipi?" Sindulfo aliuliza.

"Njoo ushike mwenyewe."

Alishika kwa mkono mzima, kwa tahadhari, kisha akauachia uzito wote. Mabega yake yalishuka. "Nilikuwa nimeficha ndoo ya mchanga wa kuzimia moto nyuma ya mlango," alikiri. "Tangu juzi. Sikutaka uogope."

"Na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia uitoe."

"Bado unayatafuta?"

"Funga ule mwerezi mzuri," Nimia alisema. "Halafu toka hapo mbele, unaniziba nisione."

Ilipofika saa ya watu kujilaza baada ya chakula, shingo ya kwanza ya Mwalimu Perla ilikuwa mezani, matundu yake yamenyooka kama mshono wa cherehani. Nimia aliipangusa vumbi kwa kiganja, akamwachia mdogo wake kitanda cha bembea cha karakana, akaenda kulala. Kwa mara ya kwanza tangu aonane na daktari, hakuukunja ule mkono kifuani ili kuulinda. Aliuachia tu ukaning'inia pembeni mwa kitanda, akasinzia.