Njano ya Puani

Haya nawaandikia wanawake ambao waume zao kila Jumamosi wako karakana wakikwangua vichwa vya treni. Wanaume wenyewe hawatasoma. Mimi shule yangu iliishia chini, lakini hili nimeliona kwa macho yangu, tena kwa mtoto wangu wa kumzaa.

Hapa Marlin Gap, kwenye milima ya makaa ya Pennsylvania, treni ya abiria ilikufa kabla sijaolewa. Ilikuwa reli ndogo, lakini wanaume wa hapa wanaililia kama ndugu. Kichwa kimoja cha dizeli kilibaki, kikioza nyasini, wakakiingiza karakana wakirudishie sura yake. Mume wangu, Leland Hruska, ndiye kinara wao. Baba yake alikuwa dereva wa kichwa hicho hicho.

Ugomvi ulikuwa sura ipi. Mwanzo kilivaa rangi ya damu ya mzee na ya maziwa, na puani mistari ya njano iliyoshuka kama sharubu. Reli ilipouzwa kikapakwa buluu na kijivu. Mwisho, hali ilipokuwa mbaya, wakakipaka rangi nyeusi tupu ili masizi yasionekane. Basi wanaume hupiga msasa mahali pamoja, kwa mviringo, hadi rangi zote zijitokeze moja ndani ya nyingine kama kitunguu kilichokatwa. Magamba yanayobanduka huja nayo nyumbani. Na kwa kuwa rangi ya zamani imepauka kama chokaa, huyalamba. Ndiyo, huyalamba! Mate yakigusa, rangi inaamka, nao wanaona jinsi ilivyong'aa siku ya kwanza.

Siku moja Orval Dietz, aliyekuwa mkata tiketi wa reli ile, alikuwa jikoni kwangu akila pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani.

"Hii ni njano ya siagi," alisema. "Leland, macho yako yamekwenda likizo?"

"Siagi ya kwenu imeoza. Hii ni kiini cha yai." Leland akapitisha gamba ulimini, akaliinua dirishani. "Baba alikiendesha hiki, wewe ulikuwa unatoboa tiketi."

"Baba yako? Yule hata taa nyekundu alikuwa haioni!"

Binti yetu Corinne, wa miaka minne, alikuwa amepakatwa na baba yake. Akalichukua lile gamba, akatoa ulimi, akalamba, akaliinua dirishani vilevile kama wao.

"Yai," akasema.

Walipiga meza kwa furaha. "Huyu ndiye mwanachama!" Orval alisema. "Wewe Leland tutakufukuza."

Nilimpokonya. "Mtoto asile uchafu."

"Hauli, Verna, anatazama tu," Leland akasema. "Mimi nimelamba rangi tangu nivae kaptula. Nimekufa?"

Majira ya baridi Corinne alianza kushika tumbo. Choo kikawa taabu. Akawa mkali, anapiga, anauma, halafu anakaa tu ukutani ametazama hewa. Daktari wa hapa mjini akasema ni deko. Kisha siku tunatengeneza pierogi na wenzangu kwenye ukumbi wa kanisa, mtoto akaanguka kati ya miguu yetu, akatetemeka, macho yakageuka meupe. Sikumbuki nani alituendesha hadi hospitali kubwa ya bondeni.

Daktari, mama mmoja aitwaye Pappas, alisema damu yake imejaa risasi, yale madini mazito yaliyokuwa yanachanganywa kwenye rangi za zamani.

"Nyumba yenu inabanduka rangi?"

"Haibanduki," Leland akajibu haraka. "Niliipaka mwenyewe."

"Ni magamba ya treni," nikasema.

"Verna, hajayala! Ameyagusa kwa ulimi, basi. Daktari, mke wangu ana hofu hata ya mvua."

Niliinama kitandani. "Corrie, mama hagombi. Magamba ya baba unayafanyaje?"

"Natafuna ya njano."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ni tamu. Nyeusi mbaya."

Leland akasogea. "Unayatoa wapi, mpenzi?"

"Kwenye koti lako. Ukilala kwenye kiti."

Leland alikaa chini sakafuni, mtu mzima, mbele ya wauguzi. Alipokwenda nyumbani kulikagua lile koti alikuta mfukoni magamba yenye alama za meno madogo, pembeni, kama biskuti iliyong'atwa na panya.

Mtoto alipewa dawa, risasi ikashuka damuni, nikamshukuru Mungu mapema mno. Kwa maana Leland, akitaka kutengeneza alipoharibu, alikuwa ameifagia nyumba nzima kwa ufagio mkavu, vyumba vyote, na lile vumbi la msasa alilolileta nguoni miaka yote likapaa, likatua kwenye mito, kwenye vikombe, kwenye mwanasesere wa Corinne. Hakujua kwamba vumbi hili hufutwa kwa kitambaa cha maji. Tulimrudisha mtoto humo. Risasi ikapanda tena damuni, safari hii kupita mwanzo.

Sasa tuko kwa mama yake Leland, tunalala sakafuni. Daktari Pappas anasema risasi imeingia mifupani na itatoka polepole. Nikimuuliza kama akili itarudi, ananishika mkono. Sitaki kushikwa mkono. Corinne anapanda ngazi kwa makalio kama mtoto mchanga, na akiniita, anaanza jina langu halafu linampotea.

Wiki iliyopita Orval alikuja na furaha zake. Mikono ya koti lake ilikuwa na unga wa kijivu.

"Tumekubaliana kiini cha yai! Mwambie Leland ameshinda. Yuko wapi mwanachama wangu?"

Nilisimama mlangoni. "Hapa huingii."

"Verna, jamani, ni vumbi tu. Mmemfanya mtoto yai kweli."

Nikamgeuza, nikamwonyesha kupitia dirishani. Corinne alikuwa anajaribu kuingiza mguu kwenye kiatu. Akakosa, akajaribu, akakosa tena, kisha akaanza kukipiga kile kiatu kwa ngumi. Orval alivua kofia.

"Wajukuu zangu wananirukia nikitoka karakana," akasema taratibu. "Mdogo ananyonya vifungo vya koti hili."

"Basi usisimame hapa. Wapeleke wakapimwe damu sasa hivi."

"Wazima kabisa wale, Verna. Wanacheza."

"Corinne naye alikuwa anacheza."

Alishuka zile ngazi akikimbia, mzee yule, akiteleza kwenye barafu, huku analivua lile koti.