Nchi Niliyotembezwa na Kumbukumbu

Siku ile nilirudi kutoka mashineni na debe la unga kichwani. Kesho yake asubuhi nilikuwa niende mbele ya kamati ya uraia kuhojiwa kuhusu Tanzania: mipaka yake, serikali yake, mila zake, historia yake. Mimi naitwa Daforoza Nahimana. Nilizaliwa Burundi, nikaletwa huku mwaka 1972 nikiwa mgongoni mwa mama, tukikimbia mauaji. Nilikulia kwenye makazi ya wakimbizi, nikaolewa humo, nikafiwa na mume, kisha nikahamia Mpanda mjini na binti yangu Konsolata, ambako nashona nguo. Kule mashineni, nikiwa kwenye foleni najikumbusha majina ya maziwa kwa sauti ya chini, mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka. "Hata ukariri na mito yote, dada," alisema, "mkimbizi ni mkimbizi." Watu walisikia. Nikalipa, nikajitwika debe. Nikafika nyumbani, nikatua debe, nikajinyoosha kwenye mkeka barazani nikisema nipumzike kidogo kabla ya kurudia masomo yangu. Jua lilikuwa bado kali. Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikaota nimesimama kwenye ukingo wa mto Malagarasi, nguo zimelowa hadi kiunoni kana kwamba nimetoka kuvuka. Nyuma yangu kulikuwa na mtu mwembamba aliyeshika pindo la kanga yangu. Huyo sikuhitaji kuambiwa jina lake. Alikuwa Woga, na tumetembea pamoja tangu utotoni. Mbele yangu alisimama mwanamke mpana mwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaniinamia aninawishe miguu. "Mimi ni Ukarimu," alisema. "Kaa kwanza. Ya kuulizana yatakuja baadaye." Nilipokwisha kunawa na kunywa uji aliita, na kutoka vichakani akaja dada mmoja wa makamo, vumbi jekundu limemfika magotini, macho yake yakitua juu ya kila kitu taratibu. "Huyu ni Kumbukumbu," Ukarimu aliniambia. "Mfuate. Na huyo anayekushika kanga, kama hataki kukuachia, basi na aje."

Kumbukumbu alinipandisha kwenye mwinuko ambao, kwa jinsi ya ndoto, nchi yote ilionekana kutoka hapo kwa mara moja. Kaskazini mashariki niliuona Kilimanjaro, theluji juu na migomba chini. Kaskazini lilitandaa Ziwa Viktoria, ambalo Uganda na Kenya nazo zina fungu lake. Magharibi Ziwa Tanganyika lilijichimbia bondeni, refu na lenye kina cha kutisha, na kusini magharibi Ziwa Nyasa lilimeta chini ya milima. Mto Ruvuma ulitenganisha nchi na Msumbiji. Katikati palikuwa na uwanda mkavu wa miiba na mawe, Dodoma ikiwa humo na mashamba yake ya zabibu, na mbali mashariki ardhi ilishuka polepole kuelekea pwani, na ng'ambo ya maji vikaonekana visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Nilianza kuvitaja vyote kwa kasi, nikikunja vidole. Kumbukumbu alinishika mkono. "Unahesabu," alisema. "Mimi nimekuleta utazame."

Tuliteremka hadi kwenye nyumba kubwa iliyojengwa uwandani. Ilikuwa na vyumba vitatu. Katika cha kwanza rais na mawaziri walikuwa wakiendesha shughuli za kila siku, cha pili kilikuwa cha Bunge, ambamo sheria zilitungwa kwa makelele mengi, na katika cha tatu mahakimu na majaji walisikiliza watu waliodhulumiana. Uani palikuwa na nyumba nyingine ndogo, yenye serikali yake na baraza lake la kutunga sheria. Kumbukumbu aliniambia ni ya Zanzibar, ambayo ina mambo yake yenyewe na mengine ya pamoja. Ukumbini alizunguka bwana mmoja mcheshi, suti imemkaa vizuri, akisalimia kila mtu kwa jina. Kila alipopita mlangoni, mlango ulijifunga nyuma yake. Na nyuma yake alikuja mwanamke aliyekunja mikono ya blauzi, jasho likimtoka, akiifungua tena milango mmoja mmoja ili wa chumba hiki waone yanayofanyika chumba kile.

"Yule ni Tamaa," Kumbukumbu alisema. "Na huyu ni Haki."

Nilimwonea huruma. "Dada, huchoki?"

"Nachoka sana," Haki alijibu bila kusimama. "Lakini nikikaa tu, huyu ananifungia. Nisaidie huo wa kushoto." Nikausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana.

Kutoka hapo tulitembea katikati ya watu. Makabila yalikuwa zaidi ya mia, kila moja na ngoma yake na chakula chake, waliokwenda msikitini na waliokwenda kanisani wakipishana njia moja, na walipokutana sokoni wote waligeukia Kiswahili bila hata kufikiri. Tukafika kwenye msiba wa Mngoni mmoja. Nilitegemea kilio tu, kumbe mtu mmoja alikuwa amevaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anadai chai na kulalamika kwamba wafiwa ni wachoyo. Mjane alikuwa amelia hadi sauti imekauka, lakini alicheka, akajifuta, akaomba maji ya kunywa. "Huyo ni Utani," Kumbukumbu alisema. "Leo amevaa sura ya Mhehe. Zamani Wahehe na Wangoni walichinjana vitani. Vita vilipokwisha, yeye ndiye aliyewapa namna ya kukaa jirani." Utani alikuwa ameniona. "Na wewe mama, watani wako ni nani?" Woga akacheka kicheko cha uongo kwa niaba yangu. Utani alinitazama, akaacha mzaha. "Basi tutakutafutia," alisema kwa upole, akarudi kwa mjane.

Kisha ikaja barabara ya historia, ndefu na yenye mashimo. Tuliwaona watu wamefungwa minyororo, meno ya tembo mabegani, wakisukumwa kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo. Tuliwaona Wajerumani wakihesabu kodi, na wakulima wa kusini wakiinuka katika Maji Maji, na baadaye njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Waingereza wakaja baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Halafu barabara ikapanda: uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, mapinduzi ya Zanzibar mwanzoni mwa 1964, na miezi michache baadaye udongo wa pande mbili ukachanganywa ndani ya chombo kimoja. Mbele kidogo palikuwa na geti. Juu ya kiti kirefu alikaa Dharau, akichokonoa meno.

"Mlima mrefu?" aliuliza bila kunitazama. Nikajibu. "Makao makuu? Muungano lini?" Nikajibu yote. Ndipo akateremsha macho. "Na wewe ni nani humu ndani?"

Nikafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. Woga alikuwa amesogea mbele, ameinama hadi paji la uso likagusa vumbi. "Mgeni tu, bwana," alisema. "Anaomba radhi kwa usumbufu." Geti likafungwa.

Nilikaa chini nikalia. "Nimejibu kila kitu," nilimwambia Kumbukumbu. "Alitaka nini zaidi?"

"Njoo huku," alisema, akaniongoza kwenye njia ndogo iliyochepuka kutoka ile barabara kuu, pale baada ya udongo kuchanganywa. Niliona malori yakishusha watu porini, miti imesongamana, mbung'o wakiuma. Nikamwona mama yangu, kijana kuliko nilivyo mimi leo, akikata visiki kwa shoka la kuazima. Nikaona mahindi yake ya kwanza, na magunia yakipakiwa kwenda kulisha miji ambayo hakuwahi kuiona. Nikaliona na kaburi lake, lisilo na mti juu yake. Lina msalaba wa mbao na nyasi fupi, na chini yake ni udongo ule ule.

"Na hii nayo ni historia ya nchi hii?" niliuliza.

"Wewe ulidhani ile unayoikariri ndiyo yote?" alisema Kumbukumbu. Nikageuka kumtafuta Woga ili nimwonyeshe kaburi. Alikuwa amebaki mbali, kwenye geti, bado ameinama.

"Mama! Mama, unalia?" Konsolata alikuwa amenichutamia, sare ya kazini bado mwilini. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika katikati ya uwanja. Nikakaa kitako. Nilielewa kwamba miezi yote hiyo nilikuwa nimejifunza nchi kama nyumba ya watu ninayochungulia dirishani, wakati mama yangu alikuwa amelazwa ndani yake. Konsolata akauliza kama tuanze kurudia masomo. Nikamwambia hapana, tupike.

Kesho yake wajumbe wa kamati walikuwa watatu mezani. Aliyehoji zaidi alikuwa kijana, kola yake imepigwa pasi vizuri. Nilimweleza maziwa na milima, vyumba vitatu vya dola na kwa nini vinapaswa kuchunguzana. Nikafika kwenye historia. "Tulipata uhuru mwaka sitini na moja," nilisema, "na sitini na nne tukachanganya udongo."

Aliinua kalamu. "Samahani, mama. Umesema 'tukachanganya'. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mwanangu," nilimjibu. "Na wewe hukuwepo."

Wenzake wawili walicheka. Yeye naye akatabasamu, akavuta kiti chake mbele. "Haya, mama," alisema. "Endelea. Tukafanya nini baada ya hapo?"