Maoni ya Namba 214

Vitabu vya sanduku la Timotheo nimevisoma vyote, na nusu yake ni upuuzi. Simwonei mtu. Chukua kile cha picha kilicholetwa na serikali: kuna mkulima mwerevu na mkulima mjinga. Mwerevu anachimba choo, anapanda kwa mistari, anacheka kila ukurasa. Mjinga anakunywa pombe na mbuzi wake wanakufa. Basi, kimekwisha. Mtu mzima anapewa hicho asome, kisha aseme asante.

Mume wangu Ulimboka alikipenda. Timotheo, karani wa sanduku la kuazimia vitabu, alikuwa amebandika karatasi ya maoni nyuma ya kila kitabu, kwa kuwa wakubwa wa Kilosa walitaka kujua kama watu wa shamba la mkonge wanasoma kweli au wanasokotea tumbaku. Ukirudisha kitabu unaandika ulivyokiona, na badala ya jina unaweka namba ya kipande, ile kadi yako ya kazi. Ulimboka alikuwa mia mbili kumi na nne. Nyuma ya kile cha wakulima aliandika: "214. Wenzangu, mjinga ndiye ninayempenda. Mwerevu hana rafiki hata mmoja kitabu kizima."

Alikufa masika ile, kwa homa ya siku nne. Kwao Tukuyu kulikuwa mbali, akazikwa na watu wa shamba karibu na nyaya za kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, mahali nilipokuwa nafanya kazi mimi. Sisi wanawake wa kuanika tulikuwa vibarua wa siku, hatukuwa na namba.

Baada ya matanga kaka yangu Anselmi alishuka kutoka kwetu Vidunda, mlimani, kunichukua. Nikamwomba anipe muda. Nilitaka kwanza kuyapitia maoni yote ya mume wangu, maana mwandiko wake ndio uliokuwa umebaki. Alikuwa na g ya peke yake, yenye mkia mrefu unaorudi juu mpaka unagusa mstari.

Mwezi wa tatu tangu mazishi vikaja vitabu vipya. Nikachukua kimoja cha picha, cha mwindaji na simba, nikageuza nyuma kama kawaida yangu. Kulikuwa na mtu ameshanitangulia. "214. Wenzangu, simba huyu kachorwa na mtu asiyewahi kukimbia."

Najua mtakavyosema. Namba hurudiwa, akitoka huyu anapewa yule. Hata mimi nilijua. Lakini g hairudiwi, na ile ilikuwa yake, mkia na kila kitu. Timotheo sikumuuliza. Ningemuuliza, angenijibu.

Niliogopa, sitaficha. Siku ile nilianika singa huku nikigeuka kila saa kutazama kaburi. Jioni nikachukua penseli nikaandika chini yake, bila namba: "Na mwindaji je?" Wiki iliyofuata jibu lilikuwepo: "214. Viatu vyake ni vizuri kuliko akili yake." Nikacheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikaazima kitabu kingine.

Tukaendelea hivyo. Kile cha mke mtiifu mimi nilisema mwandishi hajaoa, yeye akasema ameoa ila hajaulizwa kitu nyumbani kwake. Cha mashairi ya dini tulikubaliana ni kirefu. Nikaanza kupika nikiwa na furaha, na majirani wakaanza kunitazama vibaya.

Anselmi akaja mara ya pili. Mama alikuwa haoni tena vizuri, na shamba la mlimani limeota nyasi. "Dada, mimi sitakuja mara ya tatu," alisema. Nikamwomba siku tatu, nikaandika kwenye kitabu tulichokuwa nacho: "Nibaki au niende?"

Siku ya tatu nikapata jibu: "214. Baki. Usiponijibu wewe hakuna mwingine." Anselmi akaondoka peke yake. Hakuniaga.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kurudisha kitabu mapema, adhuhuri, siyo jioni kama nilivyozoea. Timotheo hakuwepo. Sakafuni kando ya sanduku alikaa mwanamume nisiyemjua, ulimi nje, anaandika taratibu. Nilimchungulia begani. Alikuwa anavuta mkia wa g kurudi juu.

"Habari za mchana, dada," alisema, akasimama.

"Nzuri. Unaandika nini?"

"Maoni. Mimi Kondo, natoka Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa. Nimepewa namba ya marehemu fulani, nikamkuta kaandika kila kitabu. Kwetu ukirithi jina la marehemu unarithi na shughuli aliyoiacha njiani. Mimi nimerithi namba. Nikaona shughuli yake ndiyo hii."

"Na mwandiko?"

"Kusoma nilikuwa nasoma kidogo, kuandika sikujua. Nikafuatisha maoni yake, herufi moja moja, mpaka mkono ukazoea. Herufi zake, maneno yangu." Akapunguza sauti. "Naye ananijibu, dada. Haweki namba, maana namba nimeichukua mimi. Juzi kaniuliza abaki au aende. Nikamwambia abaki. Hapa kambini sina mwingine wa kuzungumza naye."

Nilitaka kumzaba kibao. Kaka yangu ameondoka, mama yangu anapapasa ukuta, kwa neno la mtu huyu ambaye hata Ulimboka hakumjua. Nilifungua kinywa nimwambie ni mimi, mjane, mtu mwenye pumzi. Halafu nikamwona alivyokishika kile kitabu, kwa mikono miwili, nikajua naye nimemdanganya miezi yote hiyo.

"Nipe nikisome," nilisema. "Nitakirudisha leo leo."

Nilikwenda nacho kwenye nyaya, nikakaa karibu na kaburi. Nyumbani mzigo ulihitaji kufungwa tu; lori la Mikumi lingeondoka kesho asubuhi, na kutoka hapo mlima wa Vidunda ni miguu yangu. Nikafikiria Ulimboka angemwambia nini mtu huyu, na angeniambia nini mimi. Kisha nikaandika, bila namba: "Wenzangu, nimesoma vya kutosha. Naenda zangu. Namba ni yako sasa."

Nilipomaliza nilipangusa unga wa penseli. Nikayasoma maneno yangu tena kabla ya kufunga kitabu. Mimi kuandika nilifundishwa na masista, na g yangu ni fupi, haina mkia. Zile mbili nilizoandika pale zilikuwa na mkia mrefu, unaorudi juu mpaka unagusa mstari.